Maneno Chini ya Picha ya Bibi

Kuna siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu Somoe, pamoja na kuhamahama kwangu kote. Ni siku niliyopanda basi la Newala pale Mtwara mjini nikiwa na bahasha mapajani, nikashuka Nanyamba kwenda kumwomba bibi yangu dole gumba lake. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na suruali ya kitambaa niliyoipiga pasi mpaka mstari ukasimama.

Nakusimulia haya kwa sababu ya barua uliyoletewa. Mama yako amenisomea yote kwenye simu: kampuni kubwa ya teknolojia, mafunzo ya masoko ya mwaka mzima, Dar es Salaam. Nasikia mmeijadili siku tatu hapo Magomeni ya Mtwara. Baba yako anasema kazi ya matangazo ni kuwalaghai watu, mama yako anasema nenda, na mwisho wakakubaliana wamsikie mjomba. Sasa mjomba mwenyewe ndiye huyu asiyekaa mahali. Leo naandika nikiwa Songea, na mwezi uliopita nilikuwa Kilambo nikisubiri kivuko cha Ruvuma. Lakini mafunzo kama hayo niliyapitia, kwa hiyo vumilia kidogo.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwetu. Kampuni moja kubwa ilisimamisha mnara, ikapanga vyumba ghorofani Chikongola, hapo Mtwara mjini, ikachukua vijana sita tuliomaliza sekondari tujifunze masoko kwa miezi mitatu. Wawili wangeajiriwa. Wanne wangepewa cheti na kushikwa mkono. Usiniulize nilikuwa nataka kuwa katika kundi lipi. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kama mtu wa ofisini hata nikienda kuchota maji.

Meneja wetu alikuwa Dada Upendo, kwao Mbeya, mkali lakini wa haki. Mwezi wa mwisho alitupa kazi moja: tuamue bango kubwa la kwanza karibu na soko liwe na picha gani na maneno gani. Makao makuu yalikuwa yameleta picha ya msichana mwenye miwani ya jua. Hamisi, mwenzangu aliyekuwa anajua kuongea kutushinda wote, akasema msichana yule watu wa hapa watamwona mgeni aliyepotea njia, afadhali mchezaji wa mpira. Mwingine akasema mkulima wa korosho. Tulibishana karibu wiki nzima, mpaka Dada Upendo akasema tunamchosha. Ndipo nikatoa picha yangu mfukoni.

Ilikuwa ya bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye wewe hukumkuta. Niliipiga mwenyewe siku ya Idi kwa kamera ya kuazima. Anacheka kwa mdomo wote. Ndonya yake, kile kipande cha mti mweusi kwenye mdomo wa juu walichokuwa wakivaa wanawake wa Kimakonde wa zamani, imeinuka juu, na chale za usoni zinaonekana zote. Niliibandika kwenye karatasi, na chini yake nikaandika kwa kalamu: "Hata huyu anaweza. Wewe je?"

Ofisi nzima ilicheka. Hamisi alijishika mbavu. Na mimi nilicheka kabla yao, mwanangu, ili wajue pa kuchekea. Dada Upendo hakucheka sana. Aliitazama picha kwa muda, akasema bango hilo litawasimamisha watu barabarani, lakini hakuna mtu anayewekwa juu pale bila idhini yake. Akanipa fomu na kidau cha wino. Akasema bibi akikubali, nafasi moja ni yangu.

Kuna jambo sijakwambia. Bibi alipokuwa akija mjini, akishuka tu kwenye basi, alivuta upindo wa khanga akaufunika mdomo. Watoto wa mjini walikuwa wakimfuata nyuma wakimcheka. Hata akinunua chumvi aliongea akiwa nyuma ya khanga. Niliyaona hayo tangu mdogo, nikayazoea, nisiulize.

Nilimkuta uani anamenya muhogo. "Mume wangu," akaniita, maana wetu ulikuwa utani wa bibi na mjukuu, "umekuja kunichukua, au umekuja kula?"

Nikamwambia vyote viwili. Nikala ugali wa muhogo na kisamvu, kisha nikatoa picha na fomu kwenye bahasha, nikamweleza habari ya bango. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Akauliza kama litafika ukubwa wa mlango, nikamwambia litaupita ukuta wa nyumba hii. Akasema wanawake wa kijiji hiki waliokuwa wananitaka mimi, mume wake, sasa watakoma. Akajifuta mkono, akachovya dole kwenye wino. Dole likiwa juu ya fomu, akasita.

"Hapo chini ya picha pana maandishi. Yanasemaje?"

Nikasoma harakaharaka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu kisicho na maana. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

Aliitazama tena picha. Kisha akauliza, "Walipoiona walifanyaje?"

"Walicheka, bibi."

"Na wewe, Bakari?"

Hakuniita mume wangu. Nikasema na mimi nilicheka.

"Mjini nafunika mdomo," akasema. "Kwako sikuwahi kufunika."

Hakupandisha sauti. Akalichovya tena lile dole, akaligandamiza kwenye fomu kwa nguvu, akanisogezea. "Kama kazi yako imo kwenye dole langu, chukua. Mimi siwezi kukunyima. Kuipeleka au kutoipeleka, hilo ni lako." Akanawa, wino usitoke wote, akarudi kwenye muhogo wake.

Kesho yake nilisimama mbele ya meza ya Dada Upendo. Nikamwambia bibi amekubali, ila mimi sikubali. Aliniuliza kama najua ninachokikataa, nikasema najua. Akaniuliza kama nina wazo jingine. Nikababaisha kitu kuhusu ndugu walio mbali, hata mwenyewe sikukielewa. Bango likaenda kwa mchezaji wa mpira. Hamisi akaajiriwa, naye alistahili. Mimi nikapewa cheti, nikashikwa mkono, nikaanza safari ambazo mpaka leo hazijaisha.

Miaka kadhaa baadaye nilimpelekea bibi simu. Kwa miaka yote hiyo alinipokea vizuri, akanipikia, lakini aliniita Bakari. Mdogo wake alikuwa amebaki ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mueda huko Msumbiji, tangu enzi za vita, na mimi katika kuzurura kwangu nilikuwa nimempata na kuchukua namba ya mjukuu wake. Nikapiga, nikampa bibi asikilize. Alivuta khanga kwanza, kama alivyozoea mbele ya vitu vya mjini. Kisha mdogo wake akaongea. Khanga ikaanguka begani. Bibi akacheka kwa mdomo wote, ndonya juu, kama kwenye ile picha.

Bango tulilolibishania wiki nzima lilikuwa pale uani, mwanangu. Kwenye simu hapakuwa na macho ya kumcheka, palikuwa na sauti tu. Nililiona siku hiyo, wakati sina tena meneja wa kumpelekea. Alipomaliza akanirudishia simu, akaifuta kwanza na khanga. Akasema, "Hii nzuri, mume wangu." Nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko.

Basi nasaha yangu ni hii. Nenda. Mwambie baba yako kazi hiyo si lazima iwe ulaghai, na kwamba mjomba ndiye aliyesema. Watakuweka mezani na wajanja wa kila mkoa, watakuuliza una wazo gani, na utatamani sana wakufurahie. Kabla hujatoa picha ya mtu, kaa naye moyoni, umsomee yale maneno kwa sauti yako ya kawaida. Ukiona sauti inashuka, rudisha picha mfukoni, hata kama nafasi itakwenda kwa mwingine. Mimi nafasi ile sikuipata, na sijawahi kuilalia njaa. Lakini ile miaka ya kuitwa Bakari bado naihesabu.

Fomu ninayo mpaka leo, ndani ya mfuko wa plastiki, chini kabisa ya begi. Dole limefifia, lakini mistari yake inaonekana. Nikipita Mtwara nitakuachia uwe nayo huko uendako.

Mungu akutangulie, Somoe. Akupe kazi, akupe na watu watakaocheka mbele yako bila kufunika midomo yao, na akulinde usije ukawafunika wewe.