Zulmira, Adui wa Gugumaji

Ukitaka kumuudhi Zulmira wa kijiji chetu cha Outeiro, mwambie gugumaji lina maua mazuri. Wageni wengi wameponzwa na kauli hiyo. Wanasimama ukingoni mwa ziwa, wanaona zulia la kijani lenye vishada vya zambarau, wanatoa simu wapige picha, na kabla hawajabonyeza wanasikia sauti nyuma yao ikiwauliza kama huko kwao huwa wanapiga picha vidonda.

Marehemu mumewe, Albertino, alikuwa mvuvi wa mikunga, na ndiye aliyeunda ile boti bapa inayoivusha sanamu ya Bikira Maria, Bibi Yetu wa Afya, ziwani kila Agosti. Zulmira mwenyewe alifanya kazi kiwanda cha baiskeli, akitia spoki kwenye magurudumu mpaka akastaafu, na kazi ile ilimwachia vidole vya chuma na imani moja: kitu chochote duniani kikienda upogo, ujue kuna mtu amezembea. Gugumaji lilipoanza kuziba ziwa letu, wenzake walilaumu joto, mbolea na serikali. Yeye hakutaka kusikia hayo. Kuna mtu amezembea, alisema, na mtu huyo anatoka Fontela.

Fontela ni kijiji cha ng'ambo. Umeme ukikatika Outeiro, ni Fontela. Mvua ikinyesha siku ya harusi, ni Fontela. Kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Akaanzisha kikosi cha Jumamosi. Wanakijiji walikusanyika asubuhi na reki na buti za mpira, wakavuta magugu kwa muda ambao mtu angemaliza kunyoa ndevu, kisha wakakaa chini kula sadini za kuchoma na kunywa divai hadi jua lizame, huku wakiulizana nani atamaliza lile rundo. Zulmira ndiye aliyelimaliza. Wavuvi wa ndoano waliokuja kutoka mjini aliwavua buti akazikagua nyayo kama zimebeba vipande vya gugu. Vijana waliorudi likizo kutoka Ufaransa na pikipiki ya majini aliwalazimisha waioshe mbele yake, halafu akasema haijatakata, waioshe tena. Halmashauri nayo, kwa aibu ya kupitwa na mjane, ikanunua mashine ya kuvuna magugu. Ikakatwa utepe, zikatolewa hotuba, mashine ikaingia majini kwa mbwembwe na kulamba magugu mpaka yalipoizonga panga boi ikazima. Ipo hapo mpaka leo. Korongo wameijengea viota, na mwenyekiti anasema hilo nalo ni faida kwa mazingira.

Sasa tuseme na hili. Nyuma ya nyumba ya Zulmira kuna tangi la saruji la kufulia nguo, na ndani ya tangi hilo mlielea ua la Albertino. Alimnunulia gulioni mwaka waliooana, mche mmoja ndani ya kikopo, na muuzaji aliuita okidi ya maji. Lilikuwa na majani ya mviringo yaliyovimba kama maputo, na maua ya zambarau yenye jicho la manjano. Unasema linafanana na gugumaji? Hata Zulmira alikiri linafanana, kama mwizi anavyoweza kufanana na hakimu. Lile la ziwani lilikuwa refu, limesongamana, halina adabu. Hili lilikuwa fupi, safi, na kila Agosti lilitandazwa miguuni pa Bibi Yetu kwenye machela, likanyunyiziwa maji ya baraka. Gugu gani linabarikiwa?

Baada ya maandamano watu walinyoosha mikono, kila mmoja akachomoa ua moja la baraka la kupeleka nyumbani, kama ilivyo desturi. Na Zulmira, baada ya sherehe, alizibua tangi lake akalisugua mpaka likang'aa, maana mwanamke safi haachi maji yalale. Maji yalienda mtaroni. Mtaro ulienda ulikojua wenyewe.

Mwaka tunaousema, magugu yalifunga ziwa lote. Mwezi Julai Padri Anselmo akatangaza kanisani kwamba maji yasipofunguka kabla ya sikukuu, Bibi Yetu hatavushwa kwa boti. Atapandishwa kwenye gari la Belmiro. Sote tunalijua gari la Belmiro. Linabeba nguruwe.

Wengine waliguna tu. Zulmira alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwani, akalia. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa mjane. Siku ile moja alisimama kwenye omo ya boti, maua mikononi, mbao za Albertino zikilia chini ya miguu yake kama zilivyolia alipokuwa hai, na kwa muda wa kuvuka hakuwa mjane wa mtu. Siku hiyo ndiyo walitaka kumpa Belmiro na nguruwe wake.

Akaipigia simu idara ya maji mpaka wakamtuma Injinia Noémia ili wapumzike. Alikuwa binti mpole, mwenye kofia pana. Alizunguka ziwa, akala broa, mkate wetu wa mahindi, na jibini kwa Zulmira, akasema kuvuta kwa reki ni sawa na kukausha jiko na bomba liko wazi. Kuna mahali miche mipya inaingilia. Kesho yake akapapata: mdomo wa mtaro, upande wetu. Vitoto vya gugumaji vilikuwa vinatoka humo vimeshikana mikono.

"Wanavipenyeza," alisema Zulmira, macho yakimng'aa. "Watu wa Fontela wanakuja mchana sisi tumejilaza baada ya chakula, wanavimwaga juu ya mtaro. Leo nawakamata."

Akapiga mbiu. Kijiji kizima kikaja, Padri Anselmo akiwemo, na msafara ukaanza kuupanda mtaro, Zulmira mbele na reki begani, injinia nyuma yake, na sisi wengine tukifuata. Mtaro wetu unapita nyuma ya nyumba karibu zote. Ajabu ni kwamba kila tulipokaribia ukuta wa mtu, mwenye ukuta alipata neno la kusema. Mmoja alisema hapo kuna nyigu. Mwingine alisema sehemu hiyo ameshaikagua mwenyewe, twende mbele. Tulipofika nyuma ya nyumba ya paroko, Padri alikumbusha kwamba jua ni kali na wazee wapo. Belmiro akasema sadini zitaharibika. Zulmira aliyachukulia yote hayo kuwa uvivu, akaongeza mwendo, na kila hatua akizidi kuwatangazia Fontela yatakayowapata.

Kwenye mtini mtaro unagawanyika. Kushoto unaenda kwa Belmiro, kulia unaenda kwa Zulmira. Injinia aliinama kutoa kokoto ndani ya buti. Zulmira akatazama kushoto, maji matupu. Akatazama kulia.

Kilikuwa kimche kimoja, kidogo, majani yake ya mviringo yamevimba kama maputo. Alikijua kama mama anavyomjua mwanawe kwenye umati. Kabla hajafikiri aliinua buti akakikanyaga, akakididimiza matopeni. Kikaibuka. Akakikanyaga tena, kwa kisigino. Kikaibuka tena, kimejaa hewa, kisafi, kikamzunguka mguu kama kinamwomba chakula.

"Tunashika wapi, mama?" aliuliza injinia akinyanyuka.

Kushoto palikuwa pa Belmiro. Neno moja tu, na Belmiro angeapa mpaka Krismasi asiaminike, maana Belmiro hajawahi kuaminiwa kwa lolote. Zulmira alilifikiria neno hilo. Nasema kweli, alilifikiria, hata akafungua mdomo.

"Kulia," akasema. "Ni kwangu, mwanangu. Nifuate."

Akawaingiza wote uani, akawasimamisha mbele ya tangi, akawaambia. Aliwaambia kuhusu gulio na kikopo, kuhusu maji aliyoyazibua kila mwaka, na kwamba aliwavua watu wa mjini buti bure. Alisema amewasingizia Fontela, na kwamba kama Bibi Yetu atapanda gari la nguruwe, aliyempandisha ni yeye Zulmira. Kisha akasubiri wamseme. Alikuwa amejiandaa. Yeye angekuwa mahali pao angesema mpaka giza liingie.

Hakuna aliyemsema. Watu walitazama viatu vyao. Idalina, mke wa Belmiro, ambaye kwa kawaida hakosi la kumchoma mtu, alimshika mkono.

"Shoga, usijitese hivyo," alisema. "Hilo si gugu bwana, hilo limebarikiwa."

Padri alikohoa, akasema Mungu ni mwingi wa huruma, tena akalisema haraka kuliko anavyolisema kanisani. Kisha kila mmoja akakumbuka jambo nyumbani. Mmoja ameacha chungu motoni, mwingine ana mbwa hajala. Uani pakabaki Zulmira, injinia na kuku.

Zulmira alikaa ukingoni mwa tangi, akimshangaa Mungu kwa kumpa majirani wapole kiasi hicho, akaanza kuyachomoa maua ya Albertino moja moja na kuyatupa kwenye toroli. Alikuwa hajafika katikati aliposikia ndoo ikimwagwa upande wa pili wa ukuta. Halafu karai likagonga jiwe. Halafu ndoo nyingine, mbali kidogo, na nyingine, nyumba kwa nyumba, kushuka mtaa mzima, na maji mtaroni yakaanza kwenda kwa kelele kama masika.

Akasimama na ua mkononi. Miaka yote ile, machela yote yale, mikono yote iliyonyooshwa kuchomoa ua la baraka. Nani anatupa ua la baraka? Na ua lenyewe, likitiwa majini, halinyauki.

"Mungu wangu," alimwambia injinia. "Wanalo wote. Na sasa wanaficha ushahidi."

Alikimbia. Mwanamke yule ana magoti mabovu, lakini alikimbia, akapita bandani akabeba wavu wa mikunga wa Albertino ambao haujaguswa tangu afe, akateremka nao hadi mdomo wa mtaro, akaufunga huku na huku akisaidiwa na injinia, wote wawili wakiwa majini hadi kiunoni. Hazikupita dakika mizigo ikaanza kufika. Lilikuja ua la Idalina, limefungwa utepe wa pinki. Lilikuja la mwenyekiti wa halmashauri ndani ya kikopo cha mtindi. La muuza mkate lilikuja na sanamu ndogo ya malaika. Yalikuja ya watu wa kikosi cha Jumamosi, wote, hata wale waliokuwa wakila sadini kwa uchungu wa mazingira. Zulmira aliyapokea akiyaita kwa majina ya wenyewe, kwa sauti, ili wasikie huko waliko. La mwisho lilikuja limechanua vizuri kuliko yote, limesimama ndani ya chombo cha maua cha altare.

"Hili ni la kanisa," alisema injinia.

"La paroko," Zulmira akamsahihisha. "Kanisa halina mtaro."

Jumamosi iliyofuata hakukuwa na sadini. Watu walivuta magugu tangu alfajiri bila kutazamana, Padri akiwa amekunja kanzu, na kufikia wiki ya sikukuu ilikuwa imefunguka njia nyembamba, upana wa boti na makasia yake. Watu wa Fontela walisimama ng'ambo wakishangaa bidii yetu. Hatukuwaeleza.

Bibi Yetu alivuka na mahindi mabichi na majani ya kabichi miguuni badala ya maua, na wengi walinong'ona kwamba anaonekana kama anaenda sokoni. Zulmira alisimama kwenye omo pale pake, mbao zikilia chini yake, mikononi ana reki. Katikati ya ziwa mche mmoja ulijitenga na zulia ukaja kuegemea boti, umechanua zambarau, jicho la manjano likimtazama. Waliokuwa nyuma waliimba kwa sauti zaidi ili wasione. Akaunasa kwa reki, akauinua usoni, akaunusa. Haukuwa na harufu yoyote, na hakuwa amewahi kulitambua hilo katika ndoa yake nzima. Akaukamata shingo akaunyonga kama kuku, akautia ndani ya gunia, akafuta macho kwa mkono uleule uliolowa, na kumwambia mpiga kasia aende taratibu, kwa sababu kuvuka kulikuwa kumebaki kidogo.