Dada alimuuguza Baba wodini, hakuna aliyemuuliza hali yake

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu, shikamooni.

Juzi niliwaona mnabishana namna ya kupima hospitali nzuri: vitanda, dawa, vipimo. Nikaandika, nikafuta. Leo nasema yaliyotukuta kwetu, siongezi wala sipunguzi.

Ni katikati ya miaka ya themanini, ile ya kutafuta sabuni kama dhahabu. Nyumbani ni Singe, Babati. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bonga.

Baba akaanguka shambani akivuna mbaazi. Upande wote wa kulia ukafa. Kiharusi.

Tukampeleka hospitali, jina naliacha. Wodi nzima ilikuwa na nesi mmoja kwa zamu. Shuka unaleta, chakula unaleta, na mtu wa kumgeuza mgonjwa unaleta pia.

Mtu huyo alikuwa dada yangu mkubwa, Paskalina. Mama alishafariki, na mimi nilikuwa kazini. Au ndivyo nilivyojiambia.

Paskalina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa.

Na Baba alikuwa pande la mtu. Dada alimwinua peke yake, akamsafisha, akafua shuka kwa majivu, akalala sakafuni juu ya gunia. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mtu bila kujiumiza.

(Nilikuja kuiona miaka mingi baadaye. Unamkunja goti, unamvuta kwa shuka. Kufundisha hata dakika tano hazifiki.)

Siku moja nesi alimkuta ameegemea ukuta, kashika kiuno.

"We dada, mgonjwa wako amelowa!"

"Samahani nesi, namgeuza sasa hivi."

Akamgeuza.

Simlaumu sana yule nesi. Wodi nzima ilimtegemea, na pengine hata yeye alikuwa hajala.

Jumamosi nikafika na makande. Nikamuuliza dada, "Baba anaendeleaje?" Akasema leo amekula kidogo. Nikamuuliza na daktari, Baba anaendeleaje? Nikamshukuru Mungu, nikarudi Bonga.

Jumanne nikaitwa.

Dada alikuwa anamwinua Baba abadilishe shuka, damu ikaanza kutoka. Mimba ikaharibika. Wakamhamishia wodi ya wanawake, hatua chache tu kutoka pale, na hapo ndipo mtu alipoandika jina lake kwenye karatasi kwa mara ya kwanza.

Baba alipata nafuu, akatembea na fimbo miaka mingi. Hatukumwambia hadi anakufa.

Paskalina hakushika mimba tena. Shemeji alivumilia, kisha akaoa mwingine.

Mwaka jana nilikuwa kwake tunachambua maharage. Nikajikaza.

"Dada, kule wodini, wewe ulikuwa unaendeleaje?"

Akatupa punje mbovu pembeni.

"Maumivu yalianza Alhamisi. Ulipokuja Jumamosi nilidhani utauliza."

Nikavuta ungo kwangu, nikamalizia maharage.

Wakuu, mkipima hospitali, pimeni na hili: anayeuguza anafundishwa? Kuna anayemtazama usoni? Lakini sisi ndugu tujipime kwanza, maana mimi sikuwa na wodi ya kuhudumia. Nilikuwa na dada mmoja tu.

Mliowahi kuuguza mtu, ilikuwaje kwenu? Andikeni hata mstari mmoja, nitasoma wote.