Ghala Lisilo na Ukuta wa Nyuma

Mimi Samweli nilikuwa mmoja wa wanaume sita waliobeba plau kila asubuhi pale Kinampanda, na mgongo wangu haujasahau mpaka leo. Kwa hiyo anayetaka habari za Melkiori Mughwai asiniletee aliyoyaokota sokoni. Nilikuwepo.

Melkiori alirudi kutoka Tanga mwaka wa hamsini na tano, baada ya miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Wenzake walirudi na baiskeli, wengine na kikohozi. Yeye alirudi na leseni ya udereva na sanduku la mbao za mninga, zito hata likiwa tupu. Mkewe Damari alilifuta vumbi, akaliweka pembeni, na tangu siku ile akawa analitazama kwa jicho baya. Lilikuwa limekwenda Tanga mara tatu, na kila lilipoondoka yeye alibaki analima peke yake.

Mwaka uliofuata Bwana Shamba, Mzungu wa serikali, akatuletea trekta. Lilikuwa dogo, la kijivu, na lilinguruma kuliko umbo lake. Chama chetu cha wakulima kilipewa kwa majaribio ya msimu mmoja, na mtu pekee aliyejua kuliendesha alikuwa Melkiori. Acheni tu! Watu walitembea kutoka Kiomboi kuja kulitazama likiwa limesimama. Damari aliimba wiki nzima.

Kazi ilipangwa hivi: asubuhi udongo ukiwa na unyevu, plau; mchana linafunguliwa plau na kufungwa tela, tusombe samadi kutoka mazizini. Tela halikutusumbua sana. Plau ndilo lililotutoa jasho.

Nyuma ya trekta kulikuwa na mikono miwili ya chuma iliyopanda na kushuka dereva akisogeza kijiti, na mkono wa tatu juu yake. Plau lilikuwa na pini huku na huku. Unaingiza pini hii kwenye tundu la mkono huu, ile kwenye ule, unafunga wa juu, basi. Kwa mdomo ni rahisi. Lakini plau lilikuwa limelala upande, pini moja inatazama mbingu na nyingine imezama udongoni. Sisi sita tunanyanyua, Melkiori anarudi kinyumenyume, anapitiliza. Anasogea mbele, anarudi tena, upande mmoja umeingia na wa pili umekataa. Tunasukuma, tunatupiana maneno, mwenzetu Laurenti anabanwa kidole, tunaanza upya.

Na chanzo cha kulibeba alikuwa Mzee Ezekieli, mwenyekiti wetu. Kwake chuma cha shamba hakilali nje. Ndivyo tulivyolelewa sote: jembe hurudi nyumbani na mwenyewe, na anayeliacha shambani ni mvivu au mlevi. Basi kila jioni tuliliingiza plau kwenye ghala lake la tembe, kwa mlango uliojengwa kwa ajili ya binadamu, tukalilaza katikati ya majembe ya mkono. Mzee akafunga kufuli, akaenda zake ameridhika. Asubuhi tukalitoa tena.

Bwana Shamba akaja Jumatatu moja kututazama, saa yake mkononi. Hakugomba. Alisema tu kwamba trekta linaloanza kulima saa tano halina faida, kwamba atarudi Ijumaa, na akikuta hali ni ile ile atalipeleka Mtinko, ambako wamekwisha kuliomba na dereva wanaye.

Jioni hiyo Melkiori alilivuta sanduku lake katikati ya chumba, akalifungua lipigwe na hewa. Alimwambia Damari kwamba trekta likienda Mtinko, yeye atarudi Tanga. Damari alitoka nje akaanza kutwanga uwele ambao alikwisha kuutwanga asubuhi.

Jumanne tulikuwa tunamalizia pembe ya shamba mvua ilipotushukia kwa hasira. Melkiori alilishusha plau pale pale, wima kwenye mfereji lililokuwa likiuchimba, akalichomoa, tukakimbia. Hakuna aliyerudi kulichukua. Mzee Ezekieli alipojua kwamba chuma kimelala nje alinuna hata asiitikie shikamoo zetu, na kwa mtu wa rika lake hilo si jambo dogo.

Jumatano asubuhi tulikwenda shambani sote sita, mikono tayari. Melkiori alitutangulia na trekta. Akarudi kinyumenyume akifuata alama za magurudumu yake mwenyewe kwenye tope, akashuka, akachomeka pini ya kushoto. Akazunguka, akachomeka ya kulia. Akafunga mkono wa juu. Sisi tulikuwa hatujafika hata kwenye plau.

Alisimama akilitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe wake aliyepotea, kisha akaanza kucheka. Akalifungua. Akaenda mbele, akarudi, akalifunga tena. Mara tatu!

"Samweli," akaniambia, "tatizo ni ninyi sita."

Nilikasirika, sifichi. Lakini alisema kweli. Plau liliachwa na mikono ya trekta kwa kimo chake na upande wake, likabaki linaisubiri vile vile. Sisi ndio tuliokuwa tunaliharibia mahali pake kila jioni, halafu asubuhi tunahangaika kupatafuta.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ezekieli na matope yake miguuni, nami nyuma. Alitaka ukuta wa nyuma wa ghala, ule unaotazama ndani ya zizi, ubomolewe. Trekta lingeingia kwa lango la ng'ombe, lirudi hadi chini ya paa, liache plau hapo hapo lisiguswe na mtu. Mzee alisema paa litaanguka. Melkiori akasema paa limebebwa na nguzo. Mzee akasema kwamba ghala hilo alilijenga baba yake. Nikaona tumeshindwa.

"Mzee," Melkiori akasema, "mimi nataka chuma kilale ndani kama wewe. Ila kilale pale ambapo trekta litakifuata, siyo pale tunapokitupa."

Mzee Ezekieli aliingia ghalani. Tulimsikia akizitikisa nguzo moja moja. Alipotoka alikuwa na jembe mkononi, akazunguka nyuma, akaupiga ukuta wa baba yake pigo la kwanza yeye mwenyewe.

Alhamisi hatukukaa. Tulibomoa, tukasawazisha sakafu, tukapanga safu mbili za mawe kuongoza magurudumu. Shida ikabaki moja: likiwa kwenye sakafu ngumu, plau liliinamia upande. Tulijaribu magogo, yakabingirika. Tulijaribu matofali ya udongo, yakapasuka. Melkiori alikwenda kwake akarudi na sanduku la mninga kichwani. Akalijaza mawe na changarawe mpaka juu, akapigilia kifuniko kwa misumari, akalisukuma chini ya plau. Pini zote mbili zikakaa kimo kimoja. Damari alikuwa amesimama langoni. Alijifunika uso kwa khanga, na mabega yakawa yanatikisika.

Ijumaa Bwana Shamba alikuta wanaume sita wamekaa ukutani hawana kazi. Akauliza wabebaji wanangoja nini. Melkiori alirudi kati ya mawe, akainamisha kichwa kukwepa paa, kofia ikabaki kwenye boriti. Akafunga kushoto, kulia, juu. Plau likapanda hewani! Bwana Shamba hakuwa hata amewasha kiko chake. Saa moja na nusu tulikuwa tunalima, na kabla ya kuondoka alisema trekta libaki.

Jioni Melkiori alilirudisha plau juu ya sanduku. Mzee Ezekieli akaja na ufunguo wake, akafunga kufuli mlango wa mbele wa ghala lisilo na ukuta wa nyuma, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Damari akanigeukia. "Shemeji Samweli, mwache afunge," alisema. "Sanduku la mume wangu limo humo."