Bolti Nilizoapa Nimezikaza

Nimekosa, ndugu zangu, wala msinitafutie udhuru. Udhuru ninao wa kutosha. Nilisomea Uganda mpaka chuo kikuu, na huko tulifundishwa kutoamini lolote bila ushahidi. Elimu tamu hiyo! Niliporudi kwetu Handeni nilikuwa nimeshamtilia shaka mganga, padri, shehe na Serikali ya Malkia. Akabaki fundi wa magari.

Baba ana pikapu kuukuu, aliinunua kwa Mgiriki wa shamba la mkonge. Ndiyo inayobeba mahindi yetu hadi stesheni ya Korogwe. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, mabamba yamelala kabisa, ukipakia magunia sita bodi linagusa tairi. Baba akanituma Manundu, palepale Korogwe, kwa Fundi Mbwana, naye fundi akazitoa zote na kufunga mpya.

Alipomaliza akajifuta mikono, akasema, "Msomi, kesho pakia mzigo, nenda Mnyuzi polepole, urudi nizikaze tena bolti zinazoshika springi kwenye ekseli."

"Shikamoo tena, fundi," nikamjibu. "Leo hukuzikaza?"

"Nimezikaza."

"Sasa bolti iliyokazwa inakazwaje tena? Au inataka na ubani?"

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, maskini. "Mabamba ni mapya, mwanangu. Yakipata mzigo yatalaliana, na bolti zitabaki na nafasi. Kama Mnyuzi ni mbali kwa miguu yako ya chuo, basi kaza mwenyewe hukohuko Handeni. Robo saa tu."

"Ushahidi uko wapi?"

"Upo njiani," akasema. "Ila usiufuate na gari."

Nikaondoka nikimcheka. Sikwenda Mnyuzi. Sikushika spana. Robo saa! Ningeipata wapi, mtu mwenye vitabu vya kusoma?

Siku ya nne baba alipakia mahindi akaenda. Kwenye mteremko ekseli ikahama mahali pake, gari likaenda upande, likalala mtaroni. Mguu wa baba ukavunjika mara mbili. Haya, ushahidi huo!

Fundi Mbwana alisikia, akaja hospitali na machungwa kwenye kikapu. Alikuwa ameshapita mtaroni kulitazama gari. Akanisalimu, akamsalimu baba, halafu akaniuliza mbele yake, taratibu kabisa, "Mwanangu, bolti nimezikuta zimelegea. Ulizikaza?"

Wasomaji, mimi niliyeuliza maswali maisha yangu yote, hilo ndilo swali moja nililoulizwa mimi. Baba alikuwa ananitazama.

"Nilizikaza, fundi. Wallahi, kwa mkono wangu."

Nilitegemea abishe! Nilikuwa na hoja tayari. Hakubisha. Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akasema, "Basi ni mimi. Mtu aliyesoma hawezi kusahau jambo dogo kama hilo." Akamwomba baba radhi. Akaniomba na mimi radhi!

Baba hakuipokea radhi yake. Alimtangaza toka kitandani, na habari ikatembea kuliko gari moshi: Mbwana amezeeka, Mbwana ataua watu. Wenye magari wa Masuguru wakamhama, wa Manundu wakafuata. Nilipoulizwa nilitikisa kichwa kwa huzuni, kama msomi.

Sasa anaziba mipira ya baiskeli. Mwezi uliopita nilijidai nina haraka, nikapita mbali na kibanda chake. Akaniona.

"Msomi! Hebu njoo mara moja."

Nikaenda. Alikuwa amefunga gurudumu la nyuma la baiskeli ya mama mmoja muuza ndizi.

"Nikagulie hizi nati," akasema. "Macho yangu siyaamini tena, nisije nikamwumiza mtu."

Nati zilikuwa zimekazwa barabara. Nikazigusa moja moja, nikamwambia ziko sawa. Akashukuru! Ulimi ulikuwa mdomoni, mama wa ndizi alikuwa shahidi, na bado nikamuaga nikaondoka.

Nimeandika hapa gazetini kwa sababu Fundi Mbwana hajui kusoma. Ushujaa ulioje!

Ninyi vijana wenzangu wenye vyeti, ulizeni mnavyotaka, hata fundi mwulizeni. Lakini siku mkiulizwa ninyi, semeni kweli palepale, kabla mwenzenu hajaigeuza mikono yake kuitazama. Akishaitazama, mtamwambia nini?