Vidonge chini ya kofia ya muzee

Nani mwingine leo amefukuza mukwe wa mutu hospitalini? Ni mimi tu?

Muzee mumoja aliyekimbia vita kule Masisi ameanguka asubuhi na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mugongo unamuuma, miguu inaanza kufa ganzi.

Mimi infirmière, muuguzi wake, nikamuuliza: "Papa, unakunywa dawa gani?"

"Hakuna! Niko muzima."

Muzima kabisa. Ni miguu tu imegoma.

Mukwe wake alikuwa pale, amemushika mukono. Nikamutoa inje.

Mulango kufungwa tu, muzee akavua kofia. Vidonge vya moyo, vile vya kuzuia damu isigande! Vita ilimunyang'anya ng'ombe zote, lakini hivi vidonge alivibeba. Na ni yeye aliyemuhoji huyu mukwe, siku alipokuja kuomba binti, kama kwao kuna wagonjwa wa moyo.

Dokta karibu alie. Damu inavujia ndani ya uti wa mugongo, na haigandi. Haraka dawa ya kuigandisha, damu ya kumuongezea, halafu kupasuliwa.

Nani amejitolea damu? Mukwe.

Muzee akaninong'oneza: "Umuambie inaenda kwa mugonjwa mwingine."