Shabu Iliyowafunga Midomo Wakwe

Hii habari huwa siisimulii nikiwa na mtu wa Sengerema karibu, maana aibu yake bado inaniwasha, ila leo mko wenyewe, acha niseme.

Ilikuwa siku ya posa yangu. Ukoo wa Masanja, mchumba wangu, ulikuwa unatoka Sengerema kuja kwetu Igogo, na bomba likaamua kukauka, ikabidi tununue maji ya ziwani, machafu kama chai iliyomwagwa mchangani. Mama akanipa bonge la shabu (ile chumvi nyeupe inayong'aa kama barafu, vinyozi huitumia kukata damu) akaniambia nilizungushe kidogo kwenye pipa, nikiona tope linashikana nilitoe, niache maji yatuame. Mimi na haraka zangu nikawaza, kama kidogo kinasafisha polepole, kingi kitasafisha chapuchapu, nikalitwanga bonge zima kwenye kinu nikamwaga lote. Jamani, yale maji yalitakata, nikamwita hadi jirani aje ayaone (kuyaonja hakuna aliyekumbuka).

Nikabandika chai ya maziwa, ikakatika mabongemabonge. Nikampigia muuza maziwa, nikamsema mpaka akakata simu. Basi nikatengeneza juisi ya pasheni kwa maji yaleyale, sukari ya kutosha, nikawapelekea wageni huku nimepiga magoti, shikamoo kila upande, najiona mke tayari.

Baba mkubwa wa Masanja, ndiye msemaji wao, akasimama, akapiga funda kubwa la kulainisha koo, akaanza, “Sisi tumekuja…” na hapo mdomo ukajikunja, mashavu yakaingia ndani, akabaki anatafuta ulimi wake. Ukakasi ulivyo, hata mate yanakimbia. Wenzake nao wakaonja, wakakunjamana mmoja baada ya mwingine. Masanja peke yake alimaliza glasi, macho yamemtoka, ananitabasamia kwa meno yaliyokauka.

Shangazi yake akaweka glasi chini taratibu. “Kama mmetukataa,” akasema, “si mngetuambia tukiwa nyumbani?”

Kwao kinywaji kibaya siku ya posa ni jibu tosha, na wawili walishaanza kutafuta viatu. Mama akachukua glasi moja, akaonja, akanigeukia mbele ya watu wote. “Neema, lile bonge liko wapi?”

Nikasema liko kwenye juisi.

Shangazi akauliza kama ni sumu. Mama akamweleza kwamba kidogo haina neno, ndiyo tunayosafishia maji siku zote, ila hii imezidi, itawakausha vinywa na pengine kuwasokota matumbo, wasiongeze hata tone. Juisi ikamwagwa, yakaletwa maji ya dukani, wakasukutua uani wamejipanga kama watoto wa bweni. Mimi nilijificha jikoni, nalia, naamini ndoa imekwisha.

Baba mkubwa ndiye aliyeniita. Akasema amezunguka kuposa nyumba nyingi, lakini hajawahi kuona binti anayewafunga wakwe midomo kabla hawajaanza kupunguza ng'ombe. Shangazi alicheka kwanza, wengine wakafuata, na siku ile, kwa ndimi zilivyokuwa nzito, mahari haikubishaniwa sana.

Tulioana. Ila nimejiapiza: mgeni yeyote akija kwangu, glasi ya kwanza nainywa mimi, mbele yake, mpaka chini.