Aliyelalia Triko la Papa

Sisi tuliokulia juu milimani kule Lubero hucheka kimoyomoyo mtu wa hapa Bruxelles anapotuuliza kama tulijua baridi kabla ya kupanda ndege. Wenzangu mnakumbuka. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi na ngano, hata mbuzi uliyemshika kamba humwoni. Umande ulitukata vidole vya miguu. Njia ya shule tuliikimbia, wala si kwa kupenda masomo, bali kwa kutafuta joto. Maman alichoma viazi kwenye majivu, akatutilia kimoja kila mfuko, na hivyo ndivyo vilivyokuwa glavu zetu mpaka kengele ilipolia, kisha tukavila. Leo watoto wangu hapa Ganshoren, mtaa wetu wa Bruxelles, radiateur ikichelewa kidogo tu kupata moto, utafikiri wametupwa barabarani.

Lakini ninachotaka kusimulia ni habari ya triko. Sweta kwetu tuliiita triko, na Papa alikuwa na moja la kuwindia, rangi ya majani makavu, lililochakaa viwiko. Kila Jumamosi alilivaa akaingia msituni na mbwa wake wawili, njuga za mti zikigonga shingoni mwao, na sisi tukazisikiliza zikipotea taratibu ndani ya ukungu.

Triko hilo alilinunua sokoni, kwenye nguo za mtumba, na namna yake ya kuchagua wauzaji wote waliijua. Hakutazama rangi. Aliinama, akachomoa uzi mmoja kwenye pindo, akaazima kiberiti kwa muuza sigara, akauchoma ule uzi na kuunusa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu ya kondoo. Ukiyeyuka na kuwa tone jeusi, ni plastiki, naye aliirudisha nguo kwenye fungu. Pamba hakuitaka kabisa.

"Pamba ni ya kanisa," alituambia. "Mu pori pamba inakunywaka maji, halafu inakukamatia baridi ku mwili. Kondoo, hata akilowa, bado iko na moto."

Alilivaa likigusa ngozi, shati juu yake, ingawa sufu ile ya zamani iliwasha kama upupu. Sisi watoto pia alitununulia makubwa, mikono ikikunjwa na kukunjwa tena. Ukilalamika, jibu lilikuwa moja: "Utakomalia mule." Nami kweli nilikomalia mle, nikakua hadi likanitosha, kama ninyi nyote.

Maman alikuwa na sheria yake. Mwindaji havai triko baridi, kwa maana akitoka na baridi atarudi na baridi. Kwa hiyo kila Ijumaa mtoto mmoja alilala amelivaa, ili mwili wake ulitie joto usiku kucha. Hilo tuliliita kulalia. Zamu yangu ilipofika sikuhitaji blanketi. Triko lilinifika miguuni, likinuka moshi na mbwa, nami nilijikunja ndani yake nikaota misitu ambayo sikuwahi kuingia, miti ikitembea polepole pamoja nami. Alfajiri Maman alinivua kupitia kichwani, akanifunika haraka kwa kitenge chake, akampa Papa triko. Papa alilivaa, akasimama kidogo, macho amefumba. Kisha akauliza, kana kwamba hajui:

"Nani amelalia?"

"Ni miye, papa."

"Basi maini ni yako."

Na ilikuwa hivyo. Jioni akirudi na mnyama, maini hayakugawanywa. Yalikuwa ya aliyelalia peke yake, na ndugu zako walikaa wakikutazama ukitafuna, wakimeza mate. Siku nyingine alirudi na matope tu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Sasa Papa anaishi nasi hapa Ganshoren. Tangu Maman alipotutoka, alikuwa akikaa dirishani akitazama maegesho ya magari kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna alichokitaka. Nikimwuliza, "Papa, kesho tupike nini?", alijibu, "Chochote." Nilikuwa naliogopa neno hilo kuliko kikohozi chake. Mzee akianza kujibu "chochote" kila siku, ameshaanza kuondoka, na mimi sikujua nimshike wapi.

Jirani yetu wa chini, Monsieur Luc, Mbelgiji mstaafu, huwinda nguruwe pori kule Ardennes. Walikutana kwenye lifti, wakaanza kuongea habari za mbwa, wakapitiliza ghorofa zao. Siku moja ya Novemba Papa aliingia na kofia mkononi.

"Luc ananialika Samedi mu pori. Kusimama naye tu, hapana kupiga bunduki. Ninapenda niende."

Jumamosi, kwenye baridi ya Novemba? Nilimjibu hapana. Daktari alishasema kifua chake kisikae kwenye baridi. Hakubishana. Alirudi dirishani, akaketi, kofia bado mkononi. Kwa muda mrefu hiki ndicho kitu cha kwanza alichokitaka, nami nilikuwa nimemnyang'anya.

"Bon," nikasema, "utaenda. Lakini ni miye njo nitakuvalisha."

Rafiki yangu mmoja wa barabara ya Chaussée de Wavre, ninakonunua unga wa muhogo na sombe, yaani majani yake ya kupika, alinishauri nimpangie fulana za pamba, moja juu ya nyingine. Nikakumbuka pamba ni ya kanisa. Nikaenda Uccle, kwenye duka la vifaa vya wawindaji, na huko nikabaki nimeduwaa. Sufu siku hizi ni laini kama shavu la mtoto, haiwashi hata kidogo. Kuna nyepesi kwa anayetembea na kutoka jasho, na nzito kidogo kwa anayesimama kungoja. Kuna yenye mgongo mrefu wa kufunika kiuno, na zipu ya kufunga mpaka kidevuni. Nikachukua nzito, ya juu na suruali yake ya ndani. Kuhusu kipimo sikuuliza mtu. Papa ni mtu mkubwa, na kwetu nguo hununuliwa kubwa.

Nyumbani, kabla sijamaliza kueleza, alichomoa uzi kwenye pindo akauwasha kwenye jiko la gesi. Watoto wakakimbilia kufungua madirisha. Jikoni kote kukanuka nywele.

"Kondoo," akasema, akaenda kuvaa.

Alipotoka chumbani, mabega ya nguo yalikuwa yamemwangukia kwenye viwiko, na mikono yake haikuonekana. Binti yangu alicheka. Papa naye akacheka, akajitazama.

"Umeninunulia kubwa juu ya nini, nitakomalia mule?"

Nilicheka nao, kisha nikaingia jikoni nikalia. Ninamwona kila siku, ninampa chakula kila siku, na sikujua amepungua namna hiyo. Mabega yaliyojaza mlango wa nyumba yetu kule Lubero yalikuwa yamekwenda lini?

Kesho yake tulirudi dukani pamoja. Muuzaji alitueleza kwamba ya ndani lazima ishike mwili, pakiwa na nafasi upepo unaingia. Papa akaitikia kwa kichwa, "Njo vile," akaingia kujaribu ndogo kuliko zote za wanaume. Akatoka nayo imemkumbatia mbavu.

"Hii njo yangu," akasema, bila huzuni yoyote.

Ijumaa jioni binti yangu alitaka tuiweke juu ya radiateur ili asubuhi iwe na joto. Kwa watoto wa leo joto hutoka ukutani. Nilimwambia aniachie. Nilijaribu kuivaa, ikakwama mabegani. Nguo ya Papa, mimi niliyekuwa namezwa mzima na triko lake, haikunienea. Nikaikunja, nikaiweka tumboni chini ya gauni, nikaifunga na kitenge kama mtu anavyofunga mtoto, nikalala nayo.

Asubuhi kulikuwa bado giza, na gari la Monsieur Luc lilishaanza kunguruma chini. Nilimpa Papa ile nguo. Akaivaa, akaishusha mgongoni vizuri, akasimama. Akafumba macho.

"Nani amelalia?"

Mimi hapa, mwenye mvi, mama wa watoto, nikajibu kwa sauti ndogo.

"Ni miye, papa."

"Basi maini ni yako."

Siku nzima sikukaa. Nilipiga simu ya Luc, msituni haishiki. Jioni lifti ilipofunguka nilimwingiza Papa mkono chini ya koti kabla hajanisalimu. Kifua kilikuwa cha moto, na kikohozi ni kile kile cha siku zote. Akanipa mfuko mdogo, mzito, wenye damu pembeni. Yalikuwa maini ya nguruwe pori; nikayakaanga na vitunguu. Watoto walikimbia harufu, maana wao hula nyama isiyofanana na mnyama. Hakuna aliyenitazama akimeza mate, na niliwamisi ndugu zangu kuliko kawaida.

Zamani nyumba yetu ilikuwa na moto mmoja tu jikoni, na kila mtu alihitaji mwili wa mwenzake ili aamke na joto. Leo kila chumba kina moto wake na kila mtoto ana mlango wake, umefungwa. Sisemi turudi kwenye ukungu ule. Nasema tu kwamba wanetu hawajui nguo inayotoka kwa mtu ikiwa bado na joto lake.

Nilikula yote peke yangu, kama desturi ilivyotaka, Papa ameketi mezani, si dirishani. Nikapangusa sahani, nikamwuliza kwa mazoea tu kesho tupike nini.

Akafikiri.

"Sombe," akasema. "Na usiweke mafuta mingi."